Duka Lenye Mbele Mbili

Jumatatu, 3 Machi 2025
Afisa wa kaunti, Madam Mutheu, amefika kwenye ploti yangu ya kona hapa Murera. Amechora X nyekundu, alama ya kubomolewa, kwenye duka ninalomjengea mke wangu Nekesa. Eti ploti ya kona ina mbele mbili, kwa hivyo kila upande unaotazama barabara uwe na madirisha. Eti pembe ya jengo ikatwe ili madereva waonane. Mimi mwenyewe nina mbele moja na inanitosha! Nekesa kaniambia saluni yake isipofunguliwa humo kabla ya Pasaka, atapanga chumba kwa Kagwe, jirani wa ng'ambo ya barabara. Kagwe! Yule aliyekata pembe yake bila hata kuambiwa. Kujipendekeza tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepaka ukuta wote rangi nyekundu. X haionekani tena. Nimejipongeza kwa chapati na madondo.

Ijumaa, 7 Machi
Madam Mutheu karudi. Amechora X nyeupe. Kubwa zaidi. Kagwe alipaza sauti kutoka kwake, "Pole sana, Baba Mitchell!" Simpendi.

Jumapili, 9 Machi
Dawa imepatikana! Nani wa kaunti atathubutu kubomoa kanisa? Nimewakaribisha watu wa kikundi cha maombi cha Mama Ajwang' waabudu dukani, bure, hadi mambo yatulie. Nekesa kauliza saluni itakaa wapi, madhabahuni? Nikamjibu kwamba haelewi mikakati. Nimelala njaa.

Jumamosi, 15 Machi
Nilienda Thika kununua vioo vya saluni. Kurudi, nakuta kwaya nzima na nyundo. Wameikata pembe! Mama Ajwang' akanieleza kwa upole kwamba Madam Mutheu aliwatembelea, na Mkristo hutii serikali. Wakaniomba nisaidie kubeba mawe. Nikabeba. Sasa kuna madirisha pande zote mbili, na mlango pale kwenye pembe. Madam Mutheu amepitisha. Inapendeza, na hilo ndilo linaniuma. Nikauliza watahama lini. Wakafumba macho, wakaniombea.

Jumatatu, 17 Machi
Nekesa amefungua saluni kwa Kagwe, tena kwa vioo vyangu. Wateja wamejaa. Nimeumia, sifichi. Lakini nimesimama barabarani nikaona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Pale pembe ilipokatwa pamebaki nafasi safi, tupu, inayoonekana kutoka barabara zote mbili. Kibanda cha kinyozi kinatosha kabisa. Fundi anakuja kesho alfajiri, kabla Madam Mutheu hajaamka.