Mkanda wa Adelina

Jumatatu, 9 Juni

Wiki ndiyo kwanza inaanza na nimeshachoka. Jana baada ya misa kamati ya kwaya yetu hapa Goba ilikaa kujadili nani apige video ya nyimbo mpya. Kujadili! Miaka sita nimepiga peke yangu. Sasa limetajwa jina la Marselino. Marselino ni kinyozi. Jumamosi anapiga harusi kwa simu aliyoifunga kwenye kijiti, na watu wanasema picha zake zimetulia kuliko zangu. Mwenyekiti, Mama Filomena, aliniambia kwa upole kwamba wataamua Jumatano. Upole wa mama yule ndio unaonitisha.

Nikamlalamikia mke wangu Adelina. Alisema tu kwamba amepewa solo. Miaka kumi na moja anaimba mstari wa nyuma, amezibwa na wenye vilemba virefu. Sasa ataimba ubeti mzima peke yake. Akaomba nimpige vizuri, mama yake kule Mahenge amwone. Nikaapa.

Jumanne, 10 Juni

Dawa ya Marselino imepatikana! Nimeikuta Kurasini kwa Fakihi, ajenti wa kutoa mizigo bandarini. Ana kamera ya mkanda. Ile ya filamu yenyewe, ya chuma, ya kukazwa kwa ufunguo kama saa ya ukutani. Ilikuja ndani ya kontena la samani kuukuu, na mikanda yake mitatu. Kila mkanda unachukua dakika tatu kasoro. Fakihi akanionya: mkanda ukipigwa na mwanga kabla ya kusafishwa, picha zote zimeungua. Na kusafisha, mpaka upelekwe nje ya nchi. Mambo madogo.

Tumebadilishana. Yeye amechukua kamera yangu ya dijitali, pamoja na begi. Nimerudi Goba bega limekufa ganzi. Si kitu. Dijitali kila mtu anayo, hata kinyozi.

Jumatano, 11 Juni

Nimeshinda! Niliihutubia kamati robo saa, kwaya nzima ikisikiliza. Niliwaambia dijitali ni tarakimu tupu. Mkanda unashika jua lenyewe lililompiga mtu usoni. Niliwaeleza na unyeti wake: mwanga kidogo tu ukiingia, kwisha habari. Waliguna vizuri sana. Mama Filomena akauliza kama video itaonekana kwenye simu. Nikamjibu itaonekana kwenye historia. Marselino akaomba aje tu kutazama, ajifunze. Nikamruhusu. Mshindi hana kinyongo.

Njiani Adelina akauliza kwa nini nisitumie kamera zote mbili. Hapo nikakumbuka kuwa sijamwambia habari za Fakihi. Nikasema kichwa kinaniuma. Kweli kilianza kuuma.

Jumamosi, 14 Juni

Sitaki kuandika. Basi, naandika.

Saa tatu asubuhi tulipanda kilimani, kwaya wote kwenye vitenge vya njano. Wamezoea wimbo mmoja upigwe mara nane, kila mara kona nyingine, na kila wakimaliza wanaikimbilia kamera kuona wametokaje. Nikawaambia leo ni mara moja tu. Wa besi wakanuna. Wimbo una dakika saba, mkanda hauna tatu. Nikasubiri ubeti wa Adelina.

Kamera ikalia kama cherehani. Adelina akaimba. Sijawahi kumsikia hivyo. Miaka yote hii naishi na sauti ile nyumba moja, naisikia ikimwita mwanetu Gladness aje kula, na sikujua. Macho yalinilowa, lakini mkono haukutikisika.

Kisha wakaja mbio kuona wametokaje. Nikasema hakuna cha kuona mpaka mkanda usafishwe. Wakatazamana. Mmoja wa besi akauliza kama humo ndani mna kitu kweli. Mwingine akasimulia habari za mpiga picha wa Mbagala aliyepiga harusi nzima kwa kamera tupu. Mama Filomena, kwa upole uleule, akasema, "Mwanangu, sie hatukatai. Tuonyeshe tu huo mkanda, roho zitulie."

Kuitwa tapeli mbele ya mke wangu! Nikafungua kifuniko. Nikauvuta mkanda nje, urefu wa mikono yangu miwili, nikaunyanyua wauone hadi waliosimama nyuma. Saa tano, jua kali. Wakapiga makofi. Na mimi nikainamisha kichwa kuwashukuru.

Adelina hakupiga makofi. Aliuliza, polepole, kama huu si ule mkanda usiotakiwa kupigwa na mwanga.

Jumapili, 15 Juni

Amekwenda misa bila kunisubiri.

Marselino aliirekodi solo nzima. Jana alikuwa nyuma yangu wakati wote, mimi sikugeuka. Leo nimeiona kamera yake nje ya kanisa. Ni ya dijitali, ina plasta nyekundu kwenye ufa wa pembeni. Plasta ile nilibandika mwenyewe mwezi wa tatu. Fakihi amemuuzia. Na begi pia.

Video ni nzuri. Inaniuma kuandika hivyo. Uso wa Adelina unaonekana wote. Mwishoni unaonekana mgongo wangu, mikono juu. Mama mkwe ameshaitazama kule Mahenge, amelia kwa furaha. Kisha akauliza yule mtu anayeanika utepe mweusi ni nani. Adelina akamjibu hamjui.

Alhamisi, 19 Juni

Leo amenisemesha. Atakuwa na solo nyingine mwezi wa nane, sikukuu ya Kupalizwa. "Baba Gladness," akaniambia, "safari hii nipige kwa chochote. Hata kwa simu. Ila nipige wewe." Nikamshika mkono. Nikaapa tena.

Siku nne nimejichunguza kwa unyenyekevu, na kosa langu nimeliona. Lilikuwa jua. Ningewaonyesha mkanda ule kivulini, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Nimebakiwa na mikanda miwili, na yote ni mizima. Nina uhakika, kwa sababu leo mchana nimeifungua barazani, chini ya paa, nikaikagua yote mwanzo hadi mwisho. Haijaungua hata kidogo.