Hamsini ya Kwenda Cà Mau

Jumatatu, 7 Julai
Hili sijamwambia mtu: nilimdanganya Baba kwamba najua pikipiki. Akaniamini! Ameniachia nichague mwenyewe ile ya kunifikisha Cà Mau, mwisho kabisa wa nchi, kilomita elfu mbili kutoka hapa Nam Định. Ninalojua kwa hakika: iwe ndogo, na isiwe ya kijani. Bibi anasema nyota yangu ni ya udongo, kijani ni miti, na miti hula udongo.

Dada Khuê alicheka hadi akapaliwa. (Ana miaka kumi na tano. Baba yake ni kaka mkubwa wa baba yangu, basi lazima nimwite dada. Dhuluma!) Eti, "Wewe unaona haya hata kuagiza supu, njia utamuuliza nani?"

Jumanne, 8 Julai
Kwa Bwana Toản, muuza pikipiki zilizotumika. Nilipita mlangoni mara tatu kabla ya kuingia. Nikaipenda nyekundu ya cc 110. Nikaigonga tairi kwa mguu, kama mjuzi. Kioo cha pembeni kikaanguka.

Akauliza umri. Kumi na tisa, nikasema. Akatazama kitambulisho, akahesabu kwa vifundo vya vidole, akacheka. Kumbe kumi na saba! Mwaka mmoja ni ule wa tumboni mwa Mama, na mwingine tulijiongezea wote mwaka mpya ulipoingia. "Nyumbani hesabu hiyo sawa, mwanangu. Trafiki hataikubali." Bila leseni, mwisho wangu ni cc 50.

Jumatano, 9 Julai
Mpango! Nyekundu iandikwe jina la Bibi. Bibi alikubali papo hapo. Bwana Toản akasema leseni ni ya anayeendesha, si ya mwenye mali. Bibi akauliza nani kasema haendeshi yeye. Ilituchukua saa nzima kumshusha.

Alhamisi, 10 Julai
Nimechagua hamsini. Ya njano, kuukuu. Bwana Toản anaapa inakunywa mafuta kama shomoro, na kila fundi wa njiani anaijua. Baba aliizunguka. Akatoa sharti: ikipanda daraja la Đò Quan na mzigo wote wa safari, niende. Isipopanda, nisubiri hadi Novemba nitimize kumi na nane.

Ijumaa, 11 Julai
Jaribio. Hema, sufuria, vipuri, katoni ya tambi, na kuku mzima wa kuchemsha kutoka kwa Bibi, maana anaamini mkoa wa pili hawapiki.

Katikati ya daraja hamsini ikaguna. Ikakohoa. Nikatafuta gia ya kwanza, nikaingiza ya tatu. Kimya! Mama mmoja akanipita kwa baiskeli, kabeba bata wasiopungua ishirini. Wote walinitazama. Dada Khuê alipiga picha. Baba akasema neno moja: Novemba.

Jumamosi, 12 Julai
Nimefikiri sana. Kosa si gia, wala si mimi. Ni uzito! Nimepima kila kitu kwenye mizani ya mchele. Spana, plagi, tyubu, pampu: kilo sita! Na nusu yake sijui hata kazi yake. Basi havisafiri. Kuku anabaki palepale. Mifuko nitaijaza majani makavu ionekane imetuna, kisha kesho nimwombe Baba jaribio la pili. Hamsini itapaa!

Tafadhali, wewe uliyelifungua daftari hili, Baba asijue.