Chafya ya Arap Sigilai

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Bonasi ya chai imeingia kwenye simu yangu. Fancy, mke wangu, ameitengea ng'ombe wa maziwa, maana wa zamani alikufa na watoto wanakunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Mimi nawaza uenyekiti wa kituo cha kununulia majani. Noah, mpinzani wangu, ameahidi wakulima paa jipya. Mimi nitawafundisha kutambua matapeli wa simu. Somo halihitaji mabati.

Jumanne, 8 Oktoba
Somo limefana. Ukungu mzito, lori limechelewa, wasikilizaji hawana pa kwenda. Nikawaambia namba ya siri hapewi mtu, hata anayejiita wa benki. Kila familia iwe na neno la kumpima anayepiga. Langu, kwa mfano, ni Arap Sigilai, jina la marehemu babu. Siku niliyozaliwa, akina nyanya walitaja majina ya wafu mpaka nikapiga chafya kwa hilo; kwetu mtoto huchagua jina lake hivyo. Siri kubwa. Watu arobaini wakaitikia kwa kichwa. Mmoja mwenye koti la mvua, hana kikapu wala majani, aliomba nirudie. Mwanafunzi bora! Nilipomtafuta nimpongeze, benchi lilikuwa tupu, na kavu. Karani Omariba anasema hakuona koti lolote.

Jumatano, 9 Oktoba
Nilikuwa katikati ya shamba la chai, ukungu umenimeza mpaka kiunoni. Simu ikalia, namba ngeni. Kwanza pumzi tu, kama za mtu aliye ndani ya gunia. Kisha sauti ya mzee ikaniita Arap Sigilai. Nikapiga chafya! Tapeli anaweza kuiba jina, lakini chafya yangu ataitoa wapi? Babu alisema huko aliko anaona watu wakinyemelea pesa yangu. Nimpe namba ya siri na ya kitambulisho, aifunge. Nilimtajia nikiwa nimevua kofia.

Alhamisi, 10 Oktoba
Ng'ombe ameenda kabla hajaja. Salio sifuri. Fancy hakupiga kelele. Aliuliza tu ni watu wangapi walisikia lile jina pale kituoni. Kisha akawamiminia watoto strungi bila kuniangalia. Hapo niliumia kweli. Noah ametuma pole zake kwenye kundi zima la wakulima.

Jumamosi, 12 Oktoba
Babu amepiga tena. Safari hii sikuwa mjinga, nilimpima. Nilimuuliza fahali wake alikuwa wa rangi gani. Pumzi tu. Uzee huo, nikamsaidia: si alikuwa mweupe, mwenye pembe moja? Akasema ndiye huyo, yuko naye hapo. Nyuma yake nikasikia kwato. Nikapiga chafya mara mbili. Anasema pesa itarudi yote, ila ipitie laini ambayo wezi hawajaigusa. Ya Fancy ina karo ya Januari na haijaguswa na mtu. Yeye yuko mtoni. Simu yake iko hapa mezani, na namba yake ya siri ni mwaka tuliooana.