Faili Lenye Jina Langu

Jumatatu, 5 Mei 1997

Dharau! Dharau mchana kweupe, na chai bado iko mezani.

Mzee Machibya, mkuu wa mradi wetu wa takwimu za samaki, ametuita ofisini kwake mimi na Agutu. Kasema wafadhili wamechoka. Fedha ya kuweka wachambuzi wawili haipo tena, mwisho wa mwezi atabaki mmoja. Atakayechagua ni Bwana Kashindye wa makao makuu. Anakuja Jumanne ijayo kusikiliza ripoti zetu: mimi mwalo wa Busisi, Agutu mwalo wa Igombe aliourithi kwangu. Hilo nililipokea kiume. Mimi mwenyeji hapa. Agutu ni binti, katoka Rorya juzi tu, cheti chake bado kinanuka wino.

Kisha Mzee akatoa karatasi mbili. Zote kazi yangu. Akauliza kwa nini matenga yale yale ya sangara, kilo zile zile, yanatoa jumla moja kwenye programu ya Busisi na jumla nyingine kwenye programu ya Igombe. Nikamweleza kwamba kila mwalo wa kushushia samaki una tabia yake. Hakutaka kuelewa.

Tunaandika programu kwa lugha ya takwimu iitwayo S. Humo mtu anaweza kutunga kanuni yake mwenyewe na kuipa jina. Ukiita jina, kanuni inakufanyia hesabu. Ya kwangu inaitwa "jumla". Inachukua kilo za mzani, inatoa uzito wa tenga, inajumlisha samaki wa kila mtumbwi. Kazi ya akili ile. Kila nikianza programu mpya naikopi humo, na nikiona kosa narekebisha pale pale nilipoliona. Sasa eti nakala nyingine zinatoa uzito wa tenga na nyingine zimesahau. Nani hasahau?

Agutu akafungua mdomo. Yeye kanuni huiandika mara moja tu, kwenye faili moja, na mstari wa kwanza wa kila programu unasema: kasome faili lile. Ukirekebisha pale, umerekebisha kote. Mzee akamwangalia kama mtu aliyeletewa maji ya kunywa. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu hana hata uzi.

Jumanne, 6 Mei

Nimekataa faili moja. Nimemwambia Mzee kwamba huwezi kupikia kijiji kizima kwa chungu kimoja. Akajibu kuwa msibani ndivyo wanavyofanya.

Nikaenda kunywa chai kwa hasira. Katikati ya andazi nikapata fahamu. Hilo faili kila programu italisoma. Zangu na zake. Asiye na faili hana ripoti! Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Nikarudi, nikainamisha kichwa, nikasema kwa manufaa ya mradi nitalitunza mimi. Agutu akasema sawa kaka, haraka mno. Nilitegemea abishe kidogo.

Nimeliita NDALAHWA. Kompyuta yetu haipokei jina linalozidi herufi nane, na jina langu lina nane kamili. Baba aliona mbali. Kuanzia leo Agutu hawezi kuhesabu hata dagaa mmoja bila kuandika kwanza jina langu.

Alhamisi, 8 Mei

Furaha imeisha. Agutu anaandika jina langu bila kuumia hata kidogo. Programu zake zimekuwa fupi, kazi anamaliza kabla ya mchana, kisha anauliza kama nahitaji msaada. Na kila asubuhi shikamoo! Nikiitikia marahaba nimekubali uzee, nisipoitikia sina adabu. Leo nilikohoa.

Lakini nimepata dawa yake.

Mtumbwi ukifika mwaloni, kabla samaki hawajapanda mzani, kila mvuvi anachukua wake wa nyumbani. Kitoweo. Hakipimwi, hakiandikwi, na hata wakala wa kiwanda kinachonunua samaki hathubutu kukigusa. Kwa hiyo sisi wa takwimu ndio tunaokiongeza baadaye, samaki mmoja wa wastani kwa kila mvuvi. Agutu anakiongeza kwa mstari mmoja, mwishoni mwa programu yake. Nimechungulia.

Basi leo nimekitia ndani ya kanuni yenyewe, humo kwenye NDALAHWA, kimya kimya. Sasa "jumla" inaongeza kitoweo, halafu programu ya Agutu inaongeza tena. Wavuvi wa Igombe watakula mara mbili, na Bwana Kashindye atataka kujua nani kawapakulia. Sioni haya. Aliyeanza ni yeye.

Ijumaa, 9 Mei

Siamini.

Kumbe yule binti ana mtumbwi wake. Si wa kuvulia, wa kupimia. Alishapiga hesabu za mtumbwi mmoja kwa mkono tangu alipofika, jibu lake analijua, na kila asubuhi anaupitisha kwenye faili kabla hajaliamini. Mimi naitwa Ndalahwa, faili linaitwa Ndalahwa, na bado analipima! Leo jumla ikatoka nzito. Akafungua, akasoma, akakiona kitoweo kimekaa mle.

Nilikuwa nimeandaa utetezi. Umeme, virusi, vyote. Badala yake akaenda kwa Mzee kunisifu. Eti Kaka Ndalahwa kafanya la maana, kitoweo kikae mahali pamoja kisije kikasahaulika. Akafuta mstari wake mwenyewe. Mzee akanipa mkono. Nimepongezwa kwa ubaya wangu na sina pa kulalamikia.

Halafu akaja mezani kwangu, akainama, akasema taratibu: "Kaka, na kwenye programu zako ukifute. Ya mwezi inakiongeza, na ya mwaka inakiongeza tena."

Nikajibu najua. Sikuwa najua. Lakini nikikifuta leo, atadhani nimefuata ushauri wake. Nitakifuta Jumatatu, kwa hiari yangu.

Jumapili, 11 Mei

Usaliti sasa umehamia nyumbani. Tumetoka kanisani, Rose mke wangu akasema kwa nini nisikae na Agutu tukaipitia ripoti pamoja. Nikamuuliza Agutu kamjuaje. Kumbe hununua mitumba kwenye meza ya Rose pale Mkuyuni! Rose anasema ni mtoto mwenye heshima, hapunguzishi bei mpaka kero. Nimekula wali bila kusema neno. Hakuna aliyegundua kwamba nimenuna.

Naogopa. Naliandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Jirani yetu Malimi alikuwa mkaguzi kiwanda cha nguo, mtu wa tai. Walipopunguza watu akapunguzwa. Sasa anauza mayai ya kuchemsha stendi ya Buzuruga, na anaposalimia anaangalia chini. Binti yangu Queen anawaambia wenzake shuleni kwamba baba yake anaongea na kompyuta na kompyuta inamsikiliza. Atawaambia nini mwezi ujao?

Jumatatu, 12 Mei

Kazi kubwa leo. Nimeamua Bwana Kashindye lazima ajue ofisi hii inasimama juu ya nani. Nimeongeza mstari ndani ya faili ili kila programu inaposoma NDALAHWA, kioo cha kompyuta kionyeshe: KARIBU KWA NDALAHWA. Kisha nikaona ni kavu. Nikazungushia nyota. Nyota za kulia zikapinda. Nikazinyoosha, zikapinda za kushoto. Hizi ndizo kazi ambazo watu hawazioni.

Zilipokaa sawa ikawa mchana. Nikasema sasa kitoweo. Umeme ukakatika! Mpaka tunafunga ofisi haujarudi. Agutu alikuwa ameshachapisha yake tangu asubuhi na anakunywa soda.

Ningekifuta lini? Tena nimefikiri njiani. Samaki wa ziada hajawahi kumdhuru mtu.

Jumanne, 13 Mei

Nina hasira kiasi kwamba kalamu imetoboa karatasi.

Bwana Kashindye ni mtu mfupi, mpole, mwenye suti ya kaunda. Alitaka kuona programu zikiendeshwa mbele yake, asisomewe tu karatasi. Nikaanza mimi, kwa ukubwa. Salamu yangu ikatokea na nyota zake zote zimenyooka. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimwona!

Kisha zikaja hesabu za Busisi za mwaka mzima. Kilichouzwa, kikafuata kilichobaki na wavuvi. Kilichobaki kilikuwa kingi kuliko kilichouzwa. Kanuni ilikuwa imeongeza kitoweo, programu ya mwezi ikaongeza juu yake, ya mwaka ikaongeza juu ya hiyo. Bwana Kashindye akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mke wangu kazaliwa Busisi," akasema. "Wakwe zangu wote wavuvi. Sijawahi kuwaona wakishiba hivi."

Mzee Machibya akacheka mpaka akatoka nje kukohoa. Nikaeleza kwamba mwaka ulikuwa na neema. Bwana Kashindye akasema amesikia.

Akaingia Agutu. Programu yake ya Igombe, mistari michache tu, kama barua ya mtu asiye na shida. KARIBU KWA NDALAHWA, na nyota zangu. Hesabu zikatoka safi. Bwana Kashindye akauliza hii kanuni inayotoa uzito wa tenga na kukumbuka kitoweo kaitunga nani, maana ni nzuri. Agutu akasema ni ya Kaka Ndalahwa, yeye anaiita tu. Nikakaa wima, nikarekebisha tai.

Ndipo Bwana Kashindye akauliza swali lake. Je, Ndalahwa akiondoka, faili litaendelea kufanya kazi?

Agutu alinitazama kwanza. Naapa alikuwa anatafuta namna ya kunisaidia. Akasema: "Litafanya. Ameliandika vizuri, halimhitaji mtu."

Alidhani ananisifu! Nimeweka jina langu mlangoni, nikapamba kwa nyota, kumbe nilikuwa nawajengea nyumba ya kuishi bila mimi. Zile nakala zangu za zamani, kila moja na kosa lake, hakuna binadamu mwingine angeweza kuziendesha. Nilikuwa mfalme nikiwa na makosa.

Ijumaa, 16 Mei

Akufukuzaye hakwambii toka. Barua inanishukuru kwa mchango wangu adhimu. Adhimu! Kama ni adhimu si mngebaki nao?

Mzee alinunua soda. Akasema faili halitabadilishwa jina, ni kumbukumbu. Alidhani hilo litanifariji. Agutu machozi yalimlengalenga, na hilo lilinikera kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumchukia hadi mlangoni. Akanipa disketi. Kanikopia NDALAHWA, amesema kazi ni ya kwangu na mtu hatoki mikono mitupu. Akaongeza kwamba popote nitakapolitumia, nipitishe kwanza kitu kimoja ninachokijua jibu lake, nione kama linasema kweli.

Nikasema asante. Nilipofika kona nikasimama kidogo karibu na fundi viatu, macho yakiwa na vumbi. Queen alikuwa wa kwanza kuniona nikirudi mapema. Nikamwambia kompyuta imepumzika.

Jumatano, 9 Julai 1997

Mungu si Athumani!

Siku hizi kila mwenye lori ananunua pamba, ushirika si peke yake tena. Bwana Shimba ana malori, ana ghala, na ana kompyuta mpya aliyoifunika kwa kitambaa cha kufuma. Alitafuta mtu wa kumwandikia programu za kujumlisha pamba ya msimu. Waombaji wengine waliomba mwezi. Kijana mmoja aliomba apelekwe kwanza vijijini akaone pamba inavyopimwa! Mimi nilimwambia siku moja. Akaniajiri hapo hapo. Rose amepika kuku.

Hawajui kwamba nina kanuni zangu tayari. Huo ndio ujuzi, huandiki kitu kimoja mara mbili. Niligundua mwenyewe kule mradini, ingawa watu wengine watadai ni wazo lao. Mstari wa kwanza: kasome NDALAHWA. Salamu ikatokea na nyota. Bwana Shimba akawaita makarani wote waje waone.

Kanuni ilitoa uzito wa gunia badala ya tenga, nilibadilisha hicho tu. Halafu ikadai idadi ya wavuvi, mazoea yake ya tangu siku za kitoweo, ikagoma kabisa kuendelea bila hiyo. Kihoro cha dakika moja. Pamba haina wavuvi. Nikaipa idadi ya vibarua wanaopakia kila lori, ikatulia, ikafanya kazi. Mtu asiye na uzoefu angeanza kuifungua na kuichokonoa. Mimi sigusi kitu kinachokwenda.

Jumla ya msimu imetoka nzito sana kuliko ile ya mizani ya vijijini. Sikushangaa. Mizani ya vijijini inajulikana kwa kupunja. Agutu angepitisha kwanza lori moja kwa mkono, na ndiyo maana hadi leo yuko na samaki. Bwana Shimba amenikumbatia. Mchana huu huu amepiga simu Dar, amewauzia wanunuzi pamba yote iliyo kwenye ripoti yangu, na Ijumaa nakwenda mwenyewe ghalani kuwakabidhi.