Haluwa ya Kuzimia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nina sukari. Kumi na nne nukta sita. Purity, muuguzi wa kliniki, aliitaja namba hiyo kama mtu anayetaja saa. Akaniuliza nanywa chai vikombe vingapi kwa siku. Nikasema viwili. Sikumwambia kwamba kikombe changu wageni hukidhania bakuli.

Akauliza macho je. Nikasema mazima. Uongo wa pili. Tangu mwezi uliopita tundu la sindano limekuwa matundu mawili, na mimi ni fundi wa kanzu. Mtaa mzima wa Kuze hunijua kwa darizi ya shingo. Fundi asiyeona tundu ni nani? Swali hilo sikulimaliza.

Nje kwenye benchi alikuwapo jirani yangu Huzaifa, fundi saa. Naye ana sukari, mwaka wa pili sasa. Akanipa pole, kisha akaniambia kwa upole kwamba yeye yuko sita. Sita! Mtu aliyekuwa akimaliza sahani ya visheti peke yake. Sote tumepangiwa kurudi tarehe kumi na nane. Nimeazimia kumshinda.

Jumatano, 6 Agosti

Mke wangu Mwanaesha ameipokea karatasi ya kliniki kama waraka wa serikali. Sukari imetoka jikoni. Mbaazi hazina nazi. Wali anaupima kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Kando yake mchunga, majani machungu kuliko talaka. Nilitafuna nikitazama ukuta.

Njaa hii haiumi. Inaelea. Natembea vichochoroni na kuta zinanisogelea kwa ulaini, kama zimelowekwa maziwani. Baada ya adhuhuri nikajilaza. Nikaota nyumba zote za Kuze zimejengwa kwa visheti, milango ni kashata. Nikalamba kona ya nyumba ya Huzaifa. Ilikuwa na iliki. Nilipoamka utamu ulikuwa bado ulimini.

Hapo nikafunukiwa. Kinacholiwa ndotoni hakiingii damuni. Purity hana kipimo cha kukipima. Dawa yangu ni usingizi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nyumbani hapafai. Nimelala mara mbili tangu asubuhi, nikaota vifungo tu. Ndoto hufuata pua, kwa hivyo baada ya chakula nikaipeleka pua yangu nyuma ya jiko la haluwa, palipo na baraza ya kivuli. Sufuria la shaba lilikuwa likikorogwa ndani. Harufu ya samli na zafarani ilitoka dirishani nzito, taratibu, ikanifunika kama shuka. Nikaota natarizi kwa uzi wa sukari, na kila tundu la sindano lina upana wa mlango.

Waliotoka kusali alasiri ndio walionikuta. Nikasikia sauti ikisema Fundi Taib amezimia. Nyingine ikasema mwenye sukari akizimia hutiwa kitu kitamu. Nilitaka kufumbua macho. Wallahi nilitaka. Lakini kidole cha Huzaifa kilikuwa kishafika mdomoni mwangu, na tonge la haluwa yenye moto wake.

Nilimeza. Akatia la pili, na la tatu. Baada ya la nne nikaona adabu ni kuzinduka.

Wakanibeba hadi kwangu. Huzaifa alikuwa akilia. Hilo sikulitazamia. Lakini mpango umefaulu kuliko nilivyoupanga, nami si mtu wa kuitupa bahati.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi Huzaifa alikuja kunijulia hali, na kitambaa kwapani. Bintiye Shifa anaolewa Ijumaa ijayo. Huzaifa anataka kanzu ya siku hiyo, na hatavaa ya mkono mwingine. Nikakubali kabla macho hayajanikumbusha.

Saa kumi nikaenda kuzimia mbele ya muuza kaimati. Nilichagua pahali pazuri, nikateremka taratibu nisichafue kikoi. Kaimati ya kwanza ikaingia. Ya pili. Ya tatu ikaja na sauti ya Mwanaesha, ikiwaomba watu wampishe.

Kumbe amenifuata. Amekwisha kumpigia Purity simu, na Purity amesema aliyezimia hatiwi chochote mdomoni, atapaliwa, hukimbizwa hospitali. Tena ameazima mashine ya Huzaifa ya kupimia. Akanichoma kidole pale pale barazani. Nikaruka. Kumi na saba.

Watu wakaondoka mmoja mmoja, wakitazama chini. Mwanaesha hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Baba Khubaib," akasema, "juzi walipokuleta umebebwa, nilikwenda kuitafuta sanda."

Nyumbani akatia chai vikombe viwili. Changu kikavu, bila sukari. Nikaonja chake alipogeuka, nipate japo tone. Kikavu vilevile. Nikamuuliza kwa nini, naye hana ugonjwa.

"Ninywe tamu, nawe unanitazama?"

Tangu Jumatatu anakunywa hivyo. Sikuwa nimeona. Na hili siwezi kulisingizia macho.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya nne nala ninachopewa. Si imani, ni haya. Samaki wa kuchoma, kunde, wali wa kikombe. Leo ule mchunga nimeumaliza bila kutazama ukuta.

Kanzu ya Huzaifa imenishinda. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na mbele yangu ukungu mweupe. Nashona ndani ya wingu. Nimebuni njia ya kufuata darizi kwa ncha ya kidole, kama asomaye kwa kupapasa. Nimejiambia ni ubingwa.

Nilipotoka kutawadha, nikarudi nikakuta sindano kumi na mbili zimechomekwa kwa safu kwenye kimto changu cha sindano, zote zishatungwa uzi. Mwanaesha alikuwa jikoni, anaimba kitu kisicho na maneno. Nikachomoa ya kwanza, nikaendelea kushona.

Ijumaa, 15 Agosti

Nikaha ya Shifa, baada ya sala ya Ijumaa. Huzaifa akatoka uani juani, ndipo nikaiona kazi yangu. Darizi imelalia kushoto. Shingo nzima inaonekana kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Nilitamani kuzimia, safari hii kwa haki.

Mjomba wa bwana harusi akauliza fundi ni nani. Huzaifa akajibu bila kupepesa kwamba ni Fundi Taib, na huu ndio mtindo mpya. Kabla ya biriani, wawili walikuwa wameniomba niwashonee zenye darizi iliyolalia vilevile.

Baadaye akanivuta pembeni. Akaniambia kwamba mwaka jana, kwa miezi mitatu, hakuweza kuiona skrubu ya saa. Alikuwa akifunga duka mapema, akilia. Sukari iliposhuka ukungu ukaondoka. Akanisihi nimwambie Purity.

Nilimshukuru. Moyo ulinilainika kabisa. Kisha nikakumbuka kwamba bado yuko sita.

Jumatatu, 18 Agosti

Kliniki. Huzaifa sita nukta moja. Mimi tisa nukta mbili. Purity alifurahi hadi akaniita bingwa. Akauliza nimefanya nini. Nikamweleza kwamba ni mpango wangu mwenyewe, nilioufikiria kwa kina. Mwanaesha akatazama dari.

Kisha nikamwambia Purity ukweli wa macho. Amenipa barua ya kwenda kwa daktari wa macho, akasema inaelekea ukungu utapungua, mradi nisirudi nyuma. Akasisitiza mimea. Nile mimea kwa wingi kila siku, mimea haina hasara.

Maneno hayo yaliniingia. Mwanaesha akarudi nyumbani, mimi nikashika njia ya Makupa kutafuta uzi. Mchana ulikuwa mweupe, malori yakipita kana kwamba yako chini ya maji. Pembeni mwa barabara mtu alikuwa akikamua miwa, kwa ndimu na tangawizi. Nikasimama. Nikautazama muwa kwa makini, kama nauona kwa mara ya kwanza. Una fundo. Una mizizi. Juu una majani, tena ya kijani kabisa.

Bilauri ya kwanza niliinywa wima. Ya pili niliinywa nimekaa, polepole, macho nimeyafumba, nikihisi afya ikinienea mwilini.