Nilivyomtafutia Ilinca Uhadhiri

Jumatatu, 2 Juni
Siku kubwa! Chuo kikuu cha mjini kimetangaza kazi ya uhadhiri wa elimu ya jamii. Nafasi moja, ya kudumu! Ilinca, mjukuu wangu, daktari wa vitabu si wa sindano, amesoma tangazo akicheka. Wanataka mtu aliyeandika juu ya wasomi vijana wanaohamahama kazi, tena ajue Kihungari. Nani mwingine huyo? Suti imeshonwa kwa kipimo chake! Hata Profesa Zenobia, mkuu wa idara, kamwambia alale usingizi.

Akikosa, anakwenda Norwei. Wamemwita. Mimi nibaki na kuku. Haendi mtu!

Jumanne, 3 Juni
Balaa! Nimekwenda chuoni kuangalia ubao wa matangazo. Darasa langu la nne limetosha kusoma: majina mawili ya waombaji! La pili, Remus Oltean. Mwizi huyu katokea wapi? Nimemuuliza Ilinca. Kasema, babu, huyo mwache, usimguse, kaa zako nyumbani. Akatabasamu. Mtoto anaficha hofu, nimeiona.

Mimi nikae! Enzi za Chama cha Kikomunisti hapa Romania nilipata friji kwa paja moja la nguruwe, na katibu wa Chama bado yuko kwenye foleni.

Jumatano, 4 Juni
Nimeingia kwa Profesa Zenobia na paja la kukaushwa kwa moshi, na chupa ya tsuika, pombe ya plamu zangu mwenyewe. Mama huyo kapiga kelele: mzee, toa hicho kitu ofisini kwangu, unataka nifungwe? Nimeelewa. Paja dogo. Siku hizi watu wamepanda bei. Nimemwachia bawabu alitunze. Kanishukuru mno yule, roho haijatulia.

Mpango mpya! Profesa hanunuliki. Adui atanunulika.

Alhamisi, 5 Juni
Nimemnasa Remus kwenye mkahawa wa stesheni! Kijana mwembamba, viatu vimechoka, anaokoteza vipindi chuo hiki na chuo kile. Nikamjazia tsuika. Sikumwambia mimi ni nani. Nikampigia Nelu papo hapo. Nelu ana kampuni Bukareshti, mji mkuu, wanapigia watu simu kuwauliza wanafulia sabuni gani na watampa nani kura. Harusi yake nilisimamia mimi, mimi ni baba yake wa ndoa, na baba wa ndoa haambiwi hapana. Nusu ya wilaya nimewasimamia! Kazi imepatikana kabla chupa haijafika nusu. Mshahara mara tatu ya mhadhiri! Ningempa Ilinca? Wangu na simu za sabuni? Wangu atakuwa profesa.

Sharti langu moja: jina litoke ubaoni kesho. Remus akashika kichwa. Akasema, mzee wangu, Mungu akubariki, ila kuna rafiki nimemwahidi jina litabaki mpaka usaili upite. Nikamwambia, rafiki gani huyo asiyetaka ule nyama? Akanywa. Akafikiri. Akanikumbatia akilia. Nami nikalia kidogo, kwa ushindi.

Ijumaa, 6 Juni
Kajitoa! Jina limefutwa kwa wino mwekundu. Nimechinja bata bukini. Kijiji kizima kimejua, nimewaambia mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Jumatatu, 9 Juni
Usaili umefutwa.

Sheria ya chuo, eti mgombea akiwa mmoja tu, hakuna usaili, na nafasi inarudi wizarani. Nani alijua? Ilinca alijua. Zenobia alijua. Bawabu alijua, na mdomo wake umejaa nyama yangu! Remus ni rafiki yake Ilinca. Ilinca ndiye alimbembeleza aweke jina watimie wawili, kisha ajibu vibaya makusudi. Wote hufanya hivyo pale.

Ilinca kasema Remus kampigia simu akilia, kuna mzee mmoja mwenye masharubu, malaika, kampa kazi. Akayaangalia masharubu yangu. Akauliza, babu, malaika huyo alikuwa na tsuika ya plamu?

Nikasema wazee wa masharubu nchi hii wako wengi.

Hakula chakula cha jioni. Nami sikula.

Jumapili, 15 Juni
Kaondoka. Kituo cha basi kanikumbatia muda mrefu, akasema ananipenda, lakini niape sitamsaidia tena kamwe. Nimeapa. Dereva shahidi.

Nyumba kimya. Kikombe chake kipo mezani, sikioshi.

Lakini basi likiwa linawashwa, kaniambia neno kupitia dirishani. Kule Norwei kazi ni ya miaka miwili tu, halafu usaili wa kazi ya kudumu. Na wapinzani watano! Watano, na mtoto peke yake!

Mdogo wake Nelu anaendesha lori la samaki hadi Norwei. Harusi yake nani alisimamia? Nimeshamtuma aniletee majina yote matano. Kiapo nilikula huku, kule ni nchi nyingine. Na kosa la safari ile nimelijua: paja lilikuwa dogo.