Ukingo Wenye Jina

Jumatatu, 3 Agosti

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: vidole vyangu havijui kitambaa. Nikishika pamba safi, nikishika pazia la bafuni, kwangu ni mamoja. Katika nyumba hii hiyo ni aibu kubwa. Shangazi anashona mablanketi ya viraka, yale ya tabaka mbili na pamba ya kujazia katikati, na kila mtu hapa akipewa kitambaa hufumba macho, hukisugua kwa kidole gumba, kisha hutoa hukumu. Mimi nami hufumba macho na kusema "mhm". Miaka yote. Hakuna aliyenigundua, kwa sababu hakuna anayesubiri jibu langu. Mimi ni wa pasi.

Leo Shangazi katangaza kwamba goti limemshinda, ngazi za duka la vitambaa hapandi tena. Anataka mtu wa kumnunulia. Ama mimi, ama binamu yangu, ambaye ni mwanawe wa kumzaa, jambo ambalo Shangazi anasema halihusiani kabisa. Ataamua Jumamosi, siku ambayo daktari wa meno atakuja kukagua vitambaa vya blanketi la binti yake. Daktari kaagiza vitambaa vya mbunifu tu, vile ambavyo jina la aliyechora limechapwa ukingoni. Bei yake ukiisikia unashika kiti usianguke.

Binamu alipewa kipande cha mfano. Akafumba macho, akavuta pumzi kama mtu anayeonja mchuzi, akasema kitambaa hiki kinaongea. Nikamuuliza kinasema nini. Akasema kinasema Miwani, ndivyo anavyoniita, akapige pasi.

Nitampiku. Nimeazima kitabu maktaba, cha kupima vitambaa kisayansi. Kina michoro.

Jumanne, 4 Agosti

Kitabu kinasema kitambaa bora kina nyuzi nyingi zilizobanana, na dawa ni kuzihesabu. Nikamwomba mwalimu wa baiolojia kioo cha kukuzia. Nilimwambia ni kwa ajili ya elimu. Kweli tupu.

Baada ya masomo nikaenda dukani na sare yangu. Nikainama juu ya jora la mbunifu lenye ndege wa buluu, jicho kwenye kioo, nikihesabu kwa midomo. Mama mmoja akauliza naona nini humo. Sikumjibu, ningepoteza hesabu. Akamnong'oneza mwenzake kwamba bila shaka ni wadudu. Mwenzake akalirudisha jora alilokuwa amelikumbatia, akajipangusa mikono. Punde duka likabaki letu wawili, mimi na mwenye duka.

Alikuja na futi yake shingoni, akataka kujua nimepoteza nini. Nikamweleza kwa sauti ndogo kwamba napima kama bei yake ni ya haki. Akauliza nimetumwa na nani. Nikasema sayansi. Akasema basi siku nyingine sayansi ije yenyewe, na ije na pochi.

Nilishuka ngazi masikio yakiwaka. Lakini nyuzi za ndege wa buluu ni nyingi sana. Ningekuwa na idadi kamili kama si wale akina mama.

Jumatano, 5 Agosti

Binamu katumwa kwa majaribio, karudi na vitambaa vinne vya mbunifu kwa ajili ya daktari. Karudi pia na vinne vya gulioni, vilivyoigwa vilevile, ndege kwa ndege, jani kwa jani. Ndivyo Shangazi anavyofanya: kwanza anashona kipande cha majaribio kwa kitambaa cha bei rahisi, aone rangi zinakaaje, ndipo apeleke mkasi kwenye cha bei mbaya.

Mimi nikaona maabara.

Kitabu kinasema pamba halisi ikiungua hunuka kama karatasi. Nikakata kipembe kidogo cha kila kitambaa, nikajificha uani na kiberiti. Vyote vilinuka karatasi. Vilinuka karatasi sana. Nikashangilia kimoyomoyo, pamba tupu hii, hadi nilipoona kwamba kinachoungua ni ukurasa wa majaribio ya moto.

Mkutubi ni mtu muungwana. Ataelewa.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimeigundua siri ya Binamu! Hufumba jicho moja tu. La pili linasoma ukingo. Kitambaa hakiongei na mtu, jina limeandikwa pale na jamaa anajua kusoma.

Nikapanga kumuumbua hadharani. Nilichukua mkasi nikakata kingo za vitambaa vyote vinane, vya mbunifu na vya gulioni, ili pasiwe na upendeleo. Ili mimi mwenyewe nisichanganyikiwe, vya mbunifu nikavitia alama ya msalaba kwa nyuma, kwa chaki ya fundi. Kisha, kwa kuwa kitabu kinasisitiza jaribio la maji, nikaviosha vyote kwa maji ya moto, nione kipi kinachuja rangi. Hakuna kilichochuja. Nikaanika, nikapiga pasi, nikapanga mezani, nikaita watu.

Binamu alifumba macho yote mawili, maana hapakuwa na cha kusoma. Akasugua cha kwanza. Akasugua cha pili. Akarudi cha kwanza. Jasho likamtoka, akasema leo ana mafua. Nikamuuliza mafua ya vidole? Hata Shangazi alicheka. Ilikuwa dakika tamu kuliko zote nilizowahi kuishi.

Kisha Shangazi akasema haya mwanangu, tuonyeshe sasa vipi ni vipi.

Nikageuza cha kwanza. Hakina alama. Cha pili hakina. Nikavigeuza vyote, nikavigeuza tena. Chaki ya fundi imetengenezwa ili itoke ikioshwa. Hilo nalijua, kila wiki mimi ndiye ninayeitoa.

Shangazi akavishika kimoja kimoja. Akasema jana angenijibu akiwa usingizini, kwa ule ugumu wa dukani, lakini nimeuosha wote, sasa vyote ni laini kama mashavu ya mtoto. Akaketi. Akasema daktari anakuja keshokutwa.

Ijumaa, 7 Agosti

Asubuhi Shangazi alikata mkate kama vile mkate ni mimi.

Sijutii. Jaribio lilikuwa zuri, chaki ndiyo iliyosaliti.

Nilipotoka shule nikaziokota zile kingo kwenye kikapu cha taka, nikazipanga kando ya vitambaa nione ukingo upi ulitoka wapi. Hazikukaa. Kila ukingo ulikuwa mrefu kuliko kitambaa chake. Nikazikasirikia. Nikadhani zimevutika zenyewe kikapuni kwa ukaidi.

Ndipo nikakumbuka kwamba kingo hazikuoshwa. Vitambaa ndivyo vilivyosinyaa! Na havikusinyaa sawa. Katika kila jozi kimoja kimepungua kidogo tu, na mwenzake kapungua upana wa kidole kizima. Kitabu kinasema (ukurasa huu ni mzima) kwamba nyuzi zilizolegea husinyaa zaidi. Kwa hiyo kilichosinyaa sana ni cha gulioni. Nikatenga: mbunifu kulia, gulioni kushoto.

Nikamwambia Binamu nimevijua vyote. Akaniuliza kwa macho gani hayo. Nikamwambia kwa rula.

Jumamosi, 8 Agosti

Daktari alikuja na viatu vyeupe na harufu ya karafuu. Shangazi akamkaribisha mezani. Daktari naye akafumba macho. Wote wana ugonjwa huu. Akasugua ndege wa kulia, akasugua ndege wa kushoto, akamshika wa kushoto, wa gulioni, akasema huyu ndiye mwenyewe, mtu aliyezoea vitu vizuri anasikia hapohapo. Akaagiza blanketi lishonwe kwa huyo, na kingo zenye jina zizungushwe pande zote, wageni wa binti yake waone.

Darasani huwa sinyooshi mkono hata nikijua jibu. Sijui nani alinifungua mdomo. Nikasema hicho ni cha gulioni, daktari, jina ni la yule mwingine.

Daktari akafumbua macho. Akasema basi si kitu, jina lishonwe kwa huyu anayempenda. Nikasema hapo litakuwa limemdanganya kila atakayelala chini yake.

Binamu akarukia: daktari usimjali huyu, anatania tu.

Shangazi akasema, "Hatanii. Huyu hajui kutania." Kisha akanigeukia, mbele ya watu, akaniuliza, "Una hakika?"

Mimi. Kaniuliza mimi! Nikasema nina hakika, nikaweka kingo, nikaonyesha upana wa kidole. Shangazi akatazama muda mrefu. Akamwambia daktari kwamba jina litashonwa kwenye kitambaa chake, la sivyo halishonwi. Daktari akachukua mkoba, akasema atapiga simu.

Mlango ulipofungwa Shangazi akatoa uamuzi. Atakayekwenda dukani ni Binamu. Nikauliza kwani nimesema uongo? Akasema hapana, mwanangu, umesema kweli, na kwa wiki moja tu hiyo kweli yako imenifukuzia mteja na imenigombanisha na mwenye duka, anayejua mtoto wa kioo ni wa nyumba hii. Hawezi kuituma nje ikiwa na pochi yake.

Nimerudishwa kwenye pasi. Nimepiga pasi hadi saa ya chakula, na kila shuka nililikunja kama mtu aliyeonewa.

Jumapili, 9 Agosti

Daktari kapiga simu. Anataka yule ndege wa gulioni, bila jina, kwa bei ya gulioni. Shangazi kakubali kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Vya mbunifu vimebaki kabatini, maana mwenye duka harudishiwi kitambaa kisicho na ukingo. Meza nzima ilinitazama, wakauliza kosa la nani. Nikasema la daktari, aliyefumba macho.

Nimetafakari siku nzima. Mbinu yangu haikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa vipande kuwa vidogo na watu kuwa karibu. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyelipima: pamba ya kujazia. Mfuko umeandikwa kwamba haigandi ikioshwa, na nyumba nzima imeamini maandishi.

Jioni walitoka wote kwenda kumjulia hali jirani. Niliuchukua mfuko wa pamba ya blanketi la daktari, mfuko mzima, kipande kisingenipa jibu la kuaminika. Nikaitumbukiza pamba yote kwenye sufuria kubwa, nikajaza maji, nikawasha jiko, nikafunika.